Mzee Injinia na Ufa wa Ploti Yetu

Nilikuwa natundika kalenda ya kanisa. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba nilianza na nia safi, maana yaliyofuata hayakuwa safi hata kidogo. Nyundo iliteleza kwenye msumari ikapiga kipande cha kioo ambacho mzee alikuwa amekigandisha kwa simiti juu ya ufa wa ukuta wangu. Kikapasuka. Na mzee alikuwa ametuambia sote, watu wa vyumba kumi na vinne, bila kupepesa macho: kioo hiki kikivunjika, nyumba inatembea, tokeni.

Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, niliweka nyundo chini nikaenda kununua nyanya ambazo sikuzihitaji. Sikufunga mlango. Mtu anayeshinda ndani siku zote husahau kwamba mlango una kufuli. Niliporudi, jirani yangu Mama Awuor alikuwa ameshaingia kuazima chumvi, ameshaona kioo, na ameshapiga kelele hadi ghorofa ya pili. Watu walikuwa wanateremka ngazi na magodoro kichwani. Mtu mwenye akili angesema, "Jamani, ni mimi." Mimi niliingia, nikabeba godoro langu.

Mzee mwenyewe tulimwita Mzee Injinia, na kila ukimwita hivyo alikataa. "Mimi si injinia. Mimi nilikuwa nanakili ramani." Alikataa kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Lakini mfukoni mwa shati, upande wa moyo, aliweka kitambulisho cha kazi ya serikali chenye picha yake akiwa na nywele nyingi, na alikionyesha kwa watu ambao hawakukiuliza: mwenye kibanda cha mkaa, askari wa langoni, hata mhubiri aliyekuwa amesimama kumwombea.

Nilimjua nikiwa bado Mashimoni, huko Kibera, yeye akiishi juu yetu kidogo, Ayany. Nilikuwa na chumba cha futi kumi kwa kumi, na ndani yake mashine ya kufuma sweta za shule, na nyuma ya mashine mimi. Kibera mwanaume anayekaa ndani akifuma sweta haulizwi jina. Niliitwa Bwana Sweta, na nilipohamia Kawangware nikakuta jina limefika kabla yangu.

Siku ya kwanza mzee alikuja kusimama kwenye kibanda cha maji cha Mashimoni, mikono nyuma, akamuuliza mama aliyekuwa akiuza, "Maji yanaenda wapi?"

"Yanaenda kwa mtungi, mzee. Leta wako."

"Haya yanayomwagika. Yanaenda wapi?"

Mama hakujua. Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu yalikuwa yanakuja kwangu, yanapita chini ya ukuta na kulowesha nyuzi za rangi ya kijani za shule moja iliyonisumbua sana. Mzee alifuata yale maji kama polisi anayefuata mwizi bila haraka, akafika mlangoni pangu, akachora mstari wa chaki chini, akasema chimba hapa, kina cha kiganja, hadi pale. Nilichimba kwa mwiko, kwa sababu jembe sikuwa nalo na kwenda kuazima kungehitaji kutoka nje. Baada ya wiki ukuta ulikauka. Tangu siku hiyo nilimsikiliza mzee, ingawa si kila mara nilimtii.

Swali lake lilikuwa lile lile kila alikokwenda. Akialikwa harusini, akionyeshwa nyumba mpya, akitembelea mgonjwa: maji yanaenda wapi? Hakuegemea ukuta kabla ya kuugonga kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Matangani watu wakiinamisha vichwa kuomba, yeye aliinua chake akihesabu mbao za paa. Vijana wa Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani humo Kibera, wakimsalimu, "Niaje, mzee," alijibu, "Niko wima," kisha akatoa mfukoni timazi yake, kile kipande cha risasi kilichofungwa kwenye uzi ambacho mafundi hupimia ukuta kama umesimama sawa, akaishikilia karibu na pua yake kuthibitisha. Vijana walipenda sana. Walizunguka njia ndefu makusudi wakutane naye tena ili arudie.

Kazi yake yote serikalini ilikuwa kukaa kwenye meza iliyoinama na kunakili kwa wino ramani za majengo ya zamani, zile zilizokuwa zinaoza kabatini, ili zisipotee. Baadaye walimtuma huku na huku kukagua majengo yenyewe. Karibu ramani zote hizo zilikuwa za mkono mmoja. Zilichorwa na Mzungu aliyekuwa mchora majengo na pia injinia wa serikali enzi za mwanzo kabisa, Nairobi ikiwa bado mahema na tope. Mzee hakumtaja jina. Alisema tu "Yule Bwana," kama mtu anayemsema bosi aliye chumba cha pili.

Hakuwahi kumwona, alikufa zamani. Lakini alidai kumjua kuliko mke wa Bwana huyo alivyomjua. Yule Bwana, alisema, alikuja kwanza kupima njia ya reli, ndiyo maana ramani zake za mwanzo zina mistari myembamba, ya haraka, ya mtu anayekaa hemani na ambaye karatasi inaweza kupeperuka wakati wowote. Halafu serikali ikampa meza. Siku hizo hapakuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo mtu mmoja alichora jumba la mahakama asubuhi na mchana akapiga hesabu ya mtaro wa maji machafu. Alichora posta, hospitali, daraja, nyumba ya mkuu wa wilaya, gereza.

"Hapa alikuwa na homa," mzee aliniambia mara moja, akipitisha kidole kwenye nakala aliyokuwa ameihifadhi nyumbani. "Tazama mstari unavyotetemeka. Na hapa amepona."

Niliangalia. Niliona mstari.

"Na huku mwisho macho yake yameanza kufifia. Herufi zimekuwa kubwa. Hii hapa ni ramani yake ya mwisho, ni choo cha stesheni. Miaka yote hiyo, majumba yote hayo, na mwisho kabisa akachora choo. Lakini angalia alivyokichora. Hakukipunja."

Nilidhani anatunga. Bado sina hakika kwamba hakuwa anatunga. Lakini nilipenda kumsikia akimsifu mtu ambaye hakuwa na faida tena kwake.

Na kumsifu kwenyewe hakukunyooka. Siku nyingine ungemkuta amemkasirikia Yule Bwana kana kwamba wamegombana asubuhi ile. Kwenye ramani ile ile ya nyumba ya mkuu wa wilaya, nyuma, kulikuwa na vyumba vya watumishi. Nyumba kubwa ilikuwa na dari la juu, veranda pande tatu, matundu ya hewa chini ya sakafu, madirisha yanayokabili upepo. Vyumba vya nyuma vilikuwa na mlango tu.

"Mtu asiyejua kuchora dirisha nitamsamehe," mzee alisema. "Huyu alijua. Aliamua." Kisha akaongeza, "Na mimi nikanakili. Kwa wino. Vizuri sana." Aliangalia chumba changu cha Mashimoni, ambacho pia kilikuwa na mlango tu, akaikunja nakala.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa msumbufu. Alikwenda kanisani na kumwambia pasta katikati ya tangazo la ujenzi kwamba mnara anaoutaka utaangukia kwaya. Lango la nyumba yake huko Ayany lilikuwa limelegea, ukitaka kuingia unaliinua kwa mikono miwili kama unambeba mgonjwa, na paa lake lilivuja juu ya kiti alichopenda, naye aliweka sufuria. Nilimuuliza. Akasema ana majengo ya watu wengi ya kufikiria. Mimi mwenyewe nina sweta mia za shule na kiwiko changu kimetoboka, kwa hiyo sikumlaumu.

Sasa habari ya ufa.

Kawangware nilipangisha chumba cha chini kwenye ploti ya mama mmoja mzee tuliyemwita Shosho, yaani bibi. Shamba lilikuwa la mumewe marehemu, tangu wakati pale palipokuwa na migomba na ng'ombe wawili. Wanawe walimjengea nyumba ya ghorofa mbili, na Shosho akaona ghorofa mbili hazitoshi. Akaleta mawe ya ghorofa ya tatu. Wiki hiyo hiyo ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha langu, ukashuka ukutani taratibu kama mtu anayeingia ibadani amechelewa.

Nilimwita mzee. Alitembea kutoka Ayany, akakataa chai, akagonga ukuta, akatazama ufa kwa muda ambao ningefuma mkono mzima wa sweta. Halafu akatoa vipande vitatu vya kioo cha dirisha, vyembamba, akagandisha kimoja kwangu na viwili nje, kila kimoja kimevuka ufa kama daraja. Akaandika tarehe kwa penseli. Akaita watu wote uani.

"Kioo hakinyooki na hakijipindi," aliwaambia. "Ukuta ukisogea hata kidogo, kitavunjika. Kikivunjika, msiniulize mimi. Tokeni."

Mama Awuor, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye kona na anayeamini macho yake tu, aliuliza, "Na kisipovunjika?"

"Basi Shosho ajenge."

Sijui kama mmeelewa uzito wa jambo hilo. Neno la mzee mmoja asiye na cheo, na kioo cha vidole viwili, ndivyo vilivyokuwa kati ya Shosho na ghorofa yake, na kati ya sisi na kaburi la pamoja. Na mimi nikaja na kalenda.

Basi watu walihama. Wengine kwa ndugu, wengine kwa kanisa. Mama Awuor alikwenda na watoto watano kwa dada yake Kisumu Ndogo, chumba kimoja, mvua ikinyesha. Nilimsaidia kubeba kitanda hadi barabarani. Alinishukuru. Ile shukrani niliibeba mwezi mzima na haikupungua uzito.

Mzee alifika siku iliyofuata. Aliingia chumbani kwangu peke yake, akainama mbele ya kioo, akakaa hapo. Mimi nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kwanza. Alipotoka alisema kwa watu wa uani, "Kioo kimevunjika," na mimi neno la kwanza likanipotea.

Shosho alikuja na fundi wake, ambaye alipiga ukuta teke na kusema uko imara.

"Wewe mzee umenimalizia wapangaji na kipande cha chupa," Shosho akasema.

"Si chupa, mama. Ni kioo cha dirisha."

"Mimi sijali ni kioo cha nini. Umetoa watoto wa watu kwa mvua. Nitakupeleka kwa chifu ueleze nani alikupa kazi."

"Nipeleke. Lakini kwanza chimba hapa." Akaonyesha chini ya nguzo ya kona, nje ya ukuta wangu. "Nyumba iko tupu sasa. Chimba nione nguzo imekalia nini."

"Na nisipopata kitu?"

"Nitakwenda kwa chifu kwa miguu yangu, na nitasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mzee aliyechanganyikiwa."

Nilikuwa hapo, hatua tatu kutoka kwao. Nikisema ukweli, mzee anaaibika sasa hivi, Shosho anaweka mawe yake, watu wanarudi chini ya kitu ambacho mzee alikihofia. Nisiposema, mzee anaaibika shimo litakapoisha bila kitu. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimeegemea ukuta, ukuta ule ule. Sikusema.

Walichimba siku mbili. Siku ya kwanza udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, fundi akawa anapiga mluzi. Mzee alikaa kwenye jiwe bila kula. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na niliona ikitetemeka, nikakumbuka mstari wa homa, na kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba huo mstari ulikuwapo.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, sepetu ilizama hadi mpini. Fundi akaacha mluzi. Chini ya nguzo hapakuwa na mwamba wala udongo mgumu. Palikuwa na takataka za zamani, mabua, bati lililooza, magunia, vyote vimelainika, na nguzo ya ghorofa mbili imesimama juu yake kama mtu aliyesimama juu ya godoro. Harufu ikapanda.

Shosho alichungulia. Akasema polepole, si kwa yeyote, "Hapa palikuwa choo. Choo cha shimo, kabla watoto hawajazaliwa. Marehemu alikifukia yeye mwenyewe. Alinishika mkono akaniambia, usijali, pamekauka."

Mzee aliinuka akamtafutia Shosho mahali pa kukaa. Hakusema, "Niliwaambia." Alimuuliza tu, kwa upole, kama shimo lilikuwa la upana gani, na marehemu alikuwa na kawaida ya kuchimba kina kirefu au kifupi, na Shosho akajikuta anamweleza, na mwisho wake anacheka, kwamba mumewe alikuwa mvivu wa vyoo, na kile kilikuwa kifupi kuliko vyote vya mtaa mzima.

Walitoa zile taka zote, wakaegemeza kona kwa magogo, wakajaza mawe na zege hadi chini. Baada ya wiki tano watu walirudi. Ghorofa ya tatu haikujengwa. Mawe yake Shosho aliyageuza kuwa ukuta wa uani, na huko juu tunaanika nguo.

Ningeweza kuacha hapo, na kwa mwaka mzima niliacha hapo. Lakini mwezi uliopita tulisikia mzee miguu imekataa, na kwamba amekataa pia chakula. Mama Awuor akafunga omena kwenye gazeti, mimi nikachukua sweta ya kijivu niliyomfumia, tukaenda Ayany kwa miguu. Tulimkuta kitini, shingo imekuwa nyembamba. Alivaa sweta, akavuta mishono ya ukosi pande zote mbili kuona kama itaachia. Haikuachia. Mama Awuor aliingia jikoni bila kuuliza, akapika omena na sima, akamwekea mbele, akasimama hapo mikono kiunoni. Mzee akala. Alikula yote, akapangusa sahani.

Nilingoja Mama Awuor arudi jikoni na sahani. Nikainama karibu na sikio la mzee. "Mzee, kile kioo. Nyumba haikukivunja. Nilikivunja mimi, na nyundo. Nilikuwa natundika kalenda."

"Najua," alisema.

Nikakaa chini.

"Kioo kikivutwa na ukuta hupasuka mstari mmoja, sambamba na ufa. Chako kilikuwa na nyota, na katikati ya nyota alama ya duara. Na vile viwili vya nje vilikuwa vizima. Na juu yake kulikuwa na msumari mpya." Alitulia apumue. "Nilinakili ramani miaka thelathini na nne, kijana. Siwezi kujua alama ya nyundo?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangerudi ndani. Ule ufa ulinitisha tangu siku ya kwanza, lakini kuchimba chini ya nguzo watu wakiwa wamelala juu, singekubali. Nilihitaji nyumba tupu. Ukanipa." Akafuta mdomo. "Nilichosema ni kwamba kioo kimevunjika. Kilikuwa kimevunjika. Lakini sikulala siku zile mbili. Kama tungekuta udongo mgumu, mimi ningekuwa nimetupa watoto kwenye mvua kwa sababu ya kalenda yako, na ningejua hivyo wakati nawaangalia wakirudisha magodoro."

"Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekosa usingizi."

"Hapana. Tulikuwa wawili." Alinishika mkono, vifundo vya vidole vyake vikagonga mara moja nyuma ya mkono wangu, nami nikaona ametega sikio. "Nilingoja uje. Nilianza kuogopa kwamba nitaondoka na hii habari peke yangu. Haya. Sasa ni nyepesi."

Na ilikuwa nyepesi kweli. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa koti la mvua alilolizoea. Nilicheka, yeye akacheka hadi akakohoa, na ndipo nilipogeuka nikamwona Mama Awuor kwenye mlango wa jikoni, sahani mkononi, inadondosha maji. Sijui alikuwa hapo tangu neno gani. Kwa uso wake, tangu la kwanza.

Alimuaga mzee kwa heshima zote, akamwambia atarudi Jumamosi na samaki mkubwa. Kwangu hakusema kitu. Tulitoka, tukateremka, tukapita kanisa, tukapita kibanda cha maji, yeye mbele, mimi nyuma nikipanga maneno ya kuomba msamaha kwa ajili ya zile wiki tano za chumba kimoja na watoto watano. Nilipoyapata nikaharakisha, nikamfikia, nikafungua mdomo.

"Nyumba imesimama, mzee amekula, na wewe bado ni mjinga," Mama Awuor akasema bila kugeuka. "Sasa tembea, nimeacha omena yangu juani."